Siku Wabanguaji Waliponyamaza

Jumatatu, 7 Oktoba

Masasi. Jua kali, vumbi, umeme umerudi saa tano. Saa sita nimefunga kibanda cha fotokopi bila kumwambia Dorika. Mtu aliyekuja kunakili cheti cha kuzaliwa nimemwambia arudi kesho. Amekwisha kuzaliwa, haraka ya nini.

Nilikwenda ukumbi wa sekondari kumsikiliza Mama Felix. Ndiye Winfrida wa kwenye majalada. Riwaya saba! Zote ninazo. Ya tatu nimeisoma mara nne, na kila nikifika pale yule mama anaporudisha sahani ya mkwewe bila kuiosha, machozi yananitoka. Dorika amezoea. Hunipa tu upindo wa kanga nijifute, kisha anaendelea na kazi zake.

Ameshuka kutoka Newala na raba miguuni, kitenge cha kila siku, na miwani mizito ambayo anasema siku hizi haimsaidii kitu. Nilitegemea mtu mrefu zaidi. Alipoanza kuongea nikasahau habari ya urefu.

Mtu mmoja aliuliza alijifunzia wapi kuandika. Akasema wodini. Alikuwa nesi Ndanda miaka mingi, na kila akimaliza zamu aliandika ripoti: mgonjwa wa kitanda cha nne ameamkaje, amekula nini, amesema nini. Hakuna pa kupamba, maana anayeingia zamu anataka kujua nani wa kumwangalia kwanza. Halafu kulikuwa na barua. Wagonjwa wasiojua kuandika walimtuma awaandikie watu wa nyumbani. Kuna mzee alimwambia andika sijambo, huku amegeukia ukutani. Akaandika sijambo kama alivyotumwa, lakini ule ukuta ulimkaa moyoni miaka kumi mpaka alipoutia kwenye riwaya yake ya kwanza. Mimi mwili ulinisisimka.

Mwalimu wake wa kwanza kabisa, alisema, ni bibi yake. Bibi alikuwa akisimulia hadithi kwa Chimakonde, na ikifika patamu anasema maji yamekwisha. Wajukuu wanateremka bondeni na ndoo, wanarudi wanapanda mlima mbio, hakuna anayelalamika, wanachotaka ni kujua fisi amemla nani. Mpaka leo akimaliza sura hujiuliza kama kuna mtu angeteka ndoo moja ya maji kwa ajili ya sura inayofuata. Nilitamani kumpigia magoti.

Wanaoanza aliwapa ushauri mfupi. Wasome zaidi kuliko wanavyoandika. Wasikimbilie kuchapisha. Na wakitaka kujua kama ukurasa ni mzuri wasimuulize rafiki, wamsomee mtu mwenye kazi mkononi. Nimenakili yote. Kisha nikanyoosha mkono nikauliza swali la kitaalamu, kwamba anatumia kalamu gani. Akasema penseli ya mbao, yoyote, na wembe wa kuchongea. Wembe nimeupigia mstari mara mbili.

Kisha likaja lenyewe. Macho yamemchoka, riwaya ya nane bado iko kichwani, na anataka mtu mmoja wa kukaa naye mwaka mzima barazani kwake Newala. Yeye atatamka, mtu huyo ataandika. Ujira wake ni kufundishwa, na mwisho wa mwaka Mama Felix atampeleka mwenyewe kwa mchapishaji wake Dar es Salaam. Kiti ni kimoja. Mwenye nia aende Jumamosi akasome sura ya kwanza ya kazi yake.

Kiti ni changu. Nina miaka arobaini na nne, na mji mzima unajua kwamba Alfredi ni mwandishi. Kilichobaki ni kuandika.

Tatizo ni Mwalimu Cuthbert wa Lisekese. Alikaa mbele yangu na mswada wake ndani ya mfuko wa salfa ya mikorosho. Kurasa mia nne na kumi na mbili. Nilipomuuliza idadi aliona haya kuitaja. Watu wenye haya namna hii ni wa hatari.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimenunua penseli kumi na mbili za mbao, na nyembe. Nimejikata kidole gumba. Siku imeanza vizuri, damu ya kwanza imemwagika kwa ajili ya fasihi.

Saa mbili asubuhi: jina la riwaya. Bilionea wa Jeniva. Saa tatu: kutabaruku. Saa nne mpaka saa saba: shukrani, watu thelathini na wanane. Cuthbert nimemtia, nikamtoa, nikamtia tena kwa herufi ndogo. Alasiri: picha ya jalada la nyuma, mkono kidevuni. Jioni nikaanza Sura ya Kwanza. Shujaa ni Maiko Stoun. Anashuka kwenye helikopta, theluji inaanguka, simu inalia. Nusu ukurasa kwa siku moja tu.

Nilimsomea Dorika. Alikuwa anachambua mchicha, akaendelea kuchambua. Akauliza huyo Maiko ni mtoto wa nani. Nikamweleza kwamba mabilionea hawana wazazi kwenye sura ya kwanza. Akauliza theluji inanukaje. Nikafunga daftari. Mke ananirudisha nyuma.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimepanda Newala kupeleleza. Dorika nimemuaga kwamba nafuata wino wa mashine. Kule juu baridi, upepo hauna adabu. Nashukuru nilivaa kofia yangu ya pama.

Nyumba ya Mama Felix iko ukingoni kabisa, pale uwanda unapokatika na chini unaona bonde lote la Ruvuma. Nilijibanza nyuma ya tangi la maji la jirani. Nilichokiona sitakisahau.

Ana wanawake sita wanaobangua korosho uani kwake. Korosho zimekwisha kuchomwa. Wamejipaka majivu mikononi yale mafuta ya maganda yasiwababue, kila mmoja na jiwe lake na kigongo chake. Ko, ko, ko. Mama Felix amekaa katikati yao na daftari ameligusisha puani, maandishi makubwa ya penseli, anawasomea alichoandika. Anasoma, anasikiliza vigongo. Ukurasa wa kwanza, ko, ko, ko, hakuna aliyekosa pigo. Akauchana, akaagiza uwashiwe moto wa korosho. Mwandishi wa riwaya saba! Ameuchana bila hata kununa. Ukurasa wa pili, mkubwa wa wabanguaji, Kibibi, aliinua kigongo akakisahau hewani. Ukurasa huo Mama Felix aliukunja akautia kifuani.

Nilisimama nyuma ya tangi. Kumbe ndivyo kitabu kinavyotengenezwa. Sahani ile ya mkwe, inayoniliza kila mwaka, nayo ilipita kwenye mikono ile yenye majivu. Niliapa palepale kwamba na mimi nitafanya kazi hivyo, kwa unyenyekevu na ukweli.

Saa kumi wabanguaji walipotoka nikamfuata Kibibi bombani. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza shida yangu: Jumamosi, nikivua kofia, wote waache kubangua. Hakukataa. Akauliza wao watapata nini. Nikasema nitawatia kwenye riwaya, kwa majina yao kamili. Akatua ndoo chini akanitazama kwa heshima mpya.

Hapo yakaanza masharti. Kibibi anataka awe na bomba la maji ndani ya nyumba, tena chumbani. Mwenzake Julia anataka mume asiyekoroma. Mmoja hataki kufa. Mwingine anataka afe, ila pawe na msiba mkubwa na watani waje wafanye fujo zao. Nimekubali yote. Jeniva maji si tatizo, nadhani.

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku mbili natafuta namna ya kuwaingiza wanawake sita wa Newala ndani ya helikopta moja. Wameingia. Kibibi ndiye rubani.

Mchana Cuthbert alikuja kutoa nakala ya sura yake ya kwanza. Nikaisoma ikitoka kwenye mashine, karatasi moja moja, kwa nia ya kupeleleza tu. Kaka na dada wamegawana mikorosho ya marehemu mama yao, na mkorosho mmoja umeangukia mpakani. Kila mmoja anauamkia alfajiri aokote kabla ya mwenzake. Siku moja wanakutana chini yake, wote na vikapu, na hakuna anayejua nani aanze kusalimia. Mashine ilikwisha kunyamaza, mimi nimeshika karatasi ya mwisho, na mteja ananiita kwa mara ya tatu. Kazi dhaifu. Haina hata helikopta moja.

Kwa wema nikampa ushauri. Nikamwambia kwamba Mama Felix masikio nayo yamekuwa mazito, kwa hiyo asome kwa kupaza sauti kama anatangaza mkutano wa kijiji. Akanishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilijisikia vibaya mpaka saa kumi hivi.

Jioni mazoezi na Dorika. Mimi navua kofia, yeye anaacha kutwanga. Mara ya tano aliacha moja kwa moja akaenda kwa jirani.

Jumamosi, 12 Oktoba



Tulifika watano. Watatu walisoma, vigongo vikaenda bila kusita, wakaaga wakaondoka. Akaja Cuthbert. Hakupaza sauti. Alisoma kwa sauti yake ndogo ya darasani na upepo ukamchukulia nusu ya maneno. Julia akapunguza mwendo. Wa pembeni yake akaacha. Kaka na dada walipokutana chini ya mkorosho, vigongo vinne vilikuwa vimelala. Kibibi na mwenzake mmoja tu ndio waliendelea, nadhani kwa uaminifu kwangu. Mama Felix alimwambia hiyo ni kazi ya mtu mzima. Akamshauri akate kurasa hamsini za mwanzo, na asimweleze msomaji anachokiona mwenyewe. Kurasa hamsini! Mtu mwingine angelia. Cuthbert aliandika ushauri huo kiganjani.

Zamu yangu. Nikasimama. Kofia kichwani, mswada mkononi. Nikasema, Sura ya Kwanza.

Upepo wa Newala. Kofia ikaruka.

Vigongo sita vikanyamaza kwa pamoja. Sijasoma hata neno. Nikaikimbilia kofia, nikaidaka kwenye mihogo, nikaivaa. Ko, ko, ko, wakaendelea. Nikafungua mdomo, nikasema Maiko Stoun, ikaruka tena. Kimya. Nikaivaa. Ko, ko, ko. Nikaishikilia kwa mkono mmoja, lakini karatasi nazo zinataka mkono, nikaachia kidogo tu ili nigeuze ukurasa. Kimya. Hivyo mara nne. Wanawake wale ni waaminifu mno, sina la kuwalaumu.

Mama Felix haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima kabisa. Aliinua mkono. Akasema miaka ishirini amewasomea wanawake hawa na hajapata kusikia wakiacha wote pamoja. Huacha mmoja, kisha mwingine, na Kibibi huwa wa mwisho kwa sababu ana kiburi. Halafu akaniuliza, kwa upole uliozidi ukali, nimewaahidi nini.

Nikasema ukweli. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu kofia ilikuwa imekwisha kuporomokea bondeni. Nikasema habari ya bomba la chumbani na ya mume asiyekoroma. Ningenyamaza hapo, lakini sikunyamaza. Nikaropoka mambo ya nyumbani mbele za watu.

Nikasema nikiwa na miaka kumi na sita nilianguka mkoroshoni kwetu Nanganga nikalazwa Ndanda, mguu umetundikwa, nalia. Nesi mmoja akanipa kitabu kisicho na jalada akaniambia kama ni kulia nilie huku nasoma. Kila nikiinua macho yupo mezani, anaandika. Miaka ilipita ndipo nikaja kujua alikuwa nani. Baba alipoleta uji nikamwambia na mimi nitaandika kitabu. Baba hakujua kusoma. Aliwatangazia watu wote wa pale barabarani Nanganga kwamba mwanawe anaandika. Tangu hapo kila msimu wa korosho ananiuliza kimefika wapi, namtajia sura. Sura ya pili. Sura ya tano. Mwaka alipougua akaniita. Kimefika wapi. Nikasema sura ya kumi, Baba, nakaribia kumaliza. Akasema basi nisomee.

Nikachukua daftari la kibandani la oda za wateja, nikalifungua, nikamsomea. Nilitunga palepale. Nikawa nageuza kurasa ili asikie karatasi. Alisikiliza amefumba macho, anatikisa kichwa taratibu, mara mbili akacheka. Akasinzia. Hakuamka tena kuniuliza inaishaje. Baada ya mazishi nikakaa chini niyaandike yale niliyomsomea, na sikukumbuka hata neno moja.

Hayo sijapata kumwambia mtu. Nimeyasema uani kwa Mama Felix, mbele ya mpinzani wangu.

Na wabanguaji walinidharau kabisa. Naongea, Julia akaacha kubangua. Akafuata wa pembeni yake. Kisha wengine, mmoja mmoja, bila ishara yoyote, kofia haipo hata kichwani. Mwisho kabisa Kibibi akaweka kigongo chini, akajifuta uso kwa mikono ile ile, akabaki na majivu usoni. Mtu anaaibika, na watu hawana hata adabu ya kuendelea na kazi yao.

Mama Felix akaniuliza nasikia nini. Nikatega sikio. Nikasema sisikii kitu, Mama. Akasema hicho hicho. Akaniambia niende nikaandike niliyoyasema, kama nilivyoyasema, bila kuongeza chumvi, niyalete Jumamosi ijayo. Nikiyaleta hayo, kiti ni changu. Nikileta kitu kingine, ni cha Mwalimu.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani nilikaa benchi la nyuma. Nilihisi kila mtu anajua. Hata kwaya.

Jana nilipofika Dorika alikuwa jikoni anasonga ugali, nikamsimulia yote. Kofia, Ndanda, Baba, daftari. Miaka kumi na minane ya ndoa na hayo ya Baba hakuwahi kuyasikia. Aliacha mwiko umesimama ndani ya sufuria, akawa ananitazama tu, mpaka jiko likajaa moshi. Tumekula ugali umeungua. Nikamwambia angalau yeye, mke wangu wa ndoa, angeendelea na kazi. Alikuwa anajifuta macho, moshi ulikuwa mwingi.

Nimeyatafakari maneno ya Mama Felix siku nzima. Busara ya mama yule! Mtu mwingine angenifukuza, yeye ananipa nafasi. Na ni wazi anachotaka: maelezo ya kosa. Ndivyo inavyofanyika hata kwenye ofisi ya kata. Mkosaji anaandika alichofanya, anasaini, anasamehewa, maisha yanaendelea. Hilo nalimudu. Maelezo ya namna hiyo nimewaandikia nusu ya watu wa Masasi.

Jumanne, 15 Oktoba

Maelezo yamekamilika. Nayanukuu mwanzo wake, kwa faida ya vizazi. YAH: MAELEZO KUHUSU TUKIO LA KOFIA. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mnamo tarehe tajwa, mimi Alfredi, nikiwa na akili timamu, nilivuliwa kofia na upepo nje ya makubaliano. Nusu ukurasa tu. Nakala kwa Kibibi.

Jioni alikuja Cuthbert na baiskeli yake. Ameniletea kofia. Aliteremka bondeni kuitafuta, akaikuta imenasa kwenye miiba, akaifua. Nimeichunguza ndani na nje, sijaona hila yoyote. Akauliza nimefika wapi. Nikampa maelezo asome. Alisoma, akakaa juu ya katoni ya karatasi bila kukaribishwa.

Akaniambia wazi kwamba hicho sicho nilichoagizwa. Mama Felix anataka habari ile ya Baba na daftari, hiyo ndiyo sura yangu ya kwanza, hicho ndicho kitabu. Akasema kama angekuwa na jambo moja kama lile angewasha moto kwa zile kurasa zake mia nne na kumi na mbili na asigeuke nyuma. Kisha akatoa daftari. Akasema nisimulie tu, polepole, yeye ataandika, hatagusa neno. Akachonga penseli kabisa, akasubiri.

Karibu nianze. Nasema kweli, mdomo ulikwisha kufunguka. Bahati nzuri akili ikanirudia. Huyu ndiye anayepata kiti nikikosea. Kwa nini anisaidie? Anataka nipeleke kwa Mama Felix mambo ya aibu ya Nanganga, mtu aliyemdanganya baba yake kitandani, wakati yeye ana mkorosho na vikapu. Na nani atanunua kitabu kama hicho? Watu wanataka Jeniva. Nikamshukuru, nikamwambia nina wateja. Kibandani hapakuwa na mteja. Aliondoka akikokota baiskeli, hakuipanda, na nilimwona akigeuka mara mbili.

Ni mtu mzuri, Cuthbert. Ndiyo maana lazima nimchunge.

Ijumaa, 18 Oktoba

Naandika nikiwa Newala, kwa binamu yangu, nimewahi tangu leo nisije nikachelewa kesho. Kila kitu tayari. Maelezo yamechapwa nakala tatu na kupigwa muhuri wa kibanda. Bilionea wa Jeniva imeboreshwa, sasa kuna helikopta mbili na theluji imeongezwa. Nimemsomea binamu yangu. Amesema ni kubwa sana, akaenda kulisha kuku.

Ya Baba nimeyaacha. Nilijaribu, jana asubuhi, ili nisije nikajilaumu. Niliandika mstari mmoja: Baba akasema basi nisomee. Basi, macho yakajaa, karatasi siioni, na mteja yuko dirishani ananiuliza kama nina msiba. Kazi isiyomruhusu mtu kuona karatasi haiwezi kuwa fasihi. Mama Felix ametufundisha kuandika bila kupamba, hakusema tulie. Ile karatasi nimekusanyia maranda ya penseli nikaitupa.

Lakini sijakaa bure wiki hii. Nimekaa nikaichambua Jumamosi ile hatua kwa hatua, kama mtu mzima, na nimeliona kosa langu. Ni moja tu. Waliacha wote pamoja. Mama Felix mwenyewe, kwa ukarimu wake, alinieleza mbele za watu inavyotakiwa kuwa, na mimi kwa jazba sikumwelewa. Ndio ukuu wa mwalimu wa kweli. Hata anapokukamata anakufundisha.

Saa kumi nilikuwa bombani. Nimewapanga. Julia ataacha helikopta ya kwanza ikitua. Wa pembeni yake ataacha theluji ikianza, huyu asiyetaka kufa ataacha simu ikilia, na wengine nimewapa mistari yao kwenye vikaratasi. Kofia haihusiki tena, nitaiacha kwa binamu. Kibibi atakuwa wa mwisho, ahesabu kumi kwanza kwa ajili ya kile kiburi, kisha aweke kigongo chini na atoe chozi.

Kibibi hakuonekana kufurahi. Alikizungusha kikaratasi chake, akaniuliza kama ile habari ya mzee wangu sitaisoma. Nikamwambia hapana, hiyo ni ya nyumbani. Akauliza, sasa yeye atalia kwa kitu gani. Nikamwambia asijali, hilo aniachie mimi. Nitakuja na kitunguu.